Saa 7 ya nani? Kuhusu wakati wa kufanya mazoezi

Mwezi wa pili, Tanga, saa 7 mchana, shangazi yangu alivaa raba, akajitanda mtandio, akachukua mwavuli na kutoka kwenda kutembea. Jua lilikuwa lile la kaskazi, la mbuzi kujibanza kwenye kivuli cha ukuta na kuku kuhema midomo wazi. Majirani wawili walimsimamisha wakamuuliza kuna msiba wapi. Baada ya robo saa alikuwa amesharudi, kanga imelowa, akamaliza jagi zima la maji, kisha akanipigia simu. “Baba,” akaniambia, “hawa madaktari wa kwenye simu watatuua.”

Nikamwomba anirushie hicho alichokisoma. Ulikuwa ujumbe wa WhatsApp uliosambazwa mara nyingi, Kiswahili chake kimepita kwenye mashine: utafiti umebaini kwamba kwa anayetaka kupunguza uzito, wakati mzuri wa mazoezi ni “kati ya saa 7 na saa 9”. Utafiti wenyewe upo kweli. Ulitoka 2023 na ulitumia takwimu za Wamarekani zaidi ya 5,000. Ila saa 7 yao ni saa 1 asubuhi ya kwetu. Mashine ilitafsiri maneno, ikasahau kugeuza saa.

Ningecheka yakaisha, lakini jioni ileile kwenye kundi la ukoo mjomba akaleta utafiti mwingine unaosema bora ni mchana na alasiri. Kabla hajajibiwa, binamu yangu anayenyanyua vyuma akashusha wa tatu: jioni na usiku ndio mpango mzima. Kundi likawaka. Nikazifuatilia tafiti zote tatu na nikakuta hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alikuwa na jibu la kweli la swali lake, na maswali yote matatu tumeyapa jina moja, “saa bora”. Hapo ndipo fujo ilipoanzia.

Maneno kwanza

Ninaposema mazoezi sina maana ya jimu pekee. Ni kuutumikisha mwili kwa makusudi mpaka mapigo ya moyo yapande. Kuna mazoezi ya wastani: unatembea kwa haraka kiasi kwamba unaweza kuzungumza na mwenzio lakini kuimba huwezi. Kuna mazoezi makali: ukisema maneno matatu, la nne linakatika kwa kuhema. Halafu kuna mazoezi ya nguvu, yaani kunyanyua, kusukuma, pushapu, au kubeba ndoo ya maji ukiwa unajua unachokifanya.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za makali, na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Dakika 150 ukizigawa kwa siku tano ni nusu saa kwa siku. Usome mwongozo huo mwanzo hadi mwisho, hutakuta saa ya kuanza. Waandishi wake wana wasiwasi na wale wasiofanya kabisa kuliko wanaofanya saa isiyo yake.

Neno jingine ni “saa ya mwili”, na hili linahitaji nafasi yake.

Kengele ya mwembeni

Waliosoma shule za msingi za zamani wanaikumbuka ringi ya gari iliyotundikwa mwembeni, na mwalimu wa zamu aliyeigonga kwa nondo. Ikilia, kila darasa linajua la kufanya: hawa gwaride, hawa hesabu, hawa kudeki. Ubongo nao una ringi yake. Ni fundo dogo la seli, kadiri ya punje ya mchele, lililokaa juu ya pale mishipa ya macho inapopishana. Lina seli kama 20,000. Hizo ndizo zinazogonga. Ini, misuli, moyo na hata mafuta ya tumboni ni madarasa: kila moja lina kisaa chake kidogo, lakini yote yanasikiliza kengele.

Mwaka 2017 Tuzo ya Nobel ya tiba walipewa Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, kwa kueleza jinsi jeni zinavyoendesha saa hii. Waliisoma kwa vinzi, wale wadudu wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva. Mambo makubwa yamepatikana kwenye ndizi.

Saa hiyo ina kasoro moja. Ukimfungia mtu mahali asipoona jua wala saa ya ukutani, siku ya mwili wake, kwa wastani, inakuwa ndefu kuliko saa 24 kwa dakika kama kumi hivi. Yaani ni saa inayochelewa, na kila siku lazima irekebishwe. Anayeirekebisha ni mwanga wa asubuhi unaoingia machoni. Kwa hiyo mwili hauna habari na usiku wa manane ambako Wazungu huanzia kuhesabu. Unahesabu tangu macheo, kama sisi. Mwili unahesabu saa za Kiswahili.

Na sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna bahati. Dar es Salaam au Nairobi, tofauti ya saa ya macheo kati ya mwezi mmoja na mwingine haifiki saa nzima kwa mwaka mzima. London jua huchomoza kabla ya saa 11 alfajiri mwezi Juni na baada ya saa 2 asubuhi mwezi Desemba. Ukisoma ushauri wa mtu wa kule unaosema mazoezi ya asubuhi ni mateso kwa sababu ya giza, huyo anasimulia Desemba yake.

Sasa, kengele hiyo inapanga nini? Kubwa kwetu ni joto la mwili. Liko chini kabisa kwenye saa 10 au 11 alfajiri, halafu linapanda taratibu mpaka kilele chake kati ya saa 10 jioni na saa 1 usiku. Tofauti yenyewe haizidi nyuzi moja hivi, lakini misuli inaihisi. Fikiria mafuta ya nazi kule Lushoto: asubuhi yameganda kwenye chupa, unayachokonoa kwa kijiti, jua likipanda yanamiminika yenyewe. Misuli haigandi, bila shaka, lakini mwendo ni huohuo. Jioni inavutika vizuri zaidi na inatoa nguvu zaidi.

Kingine ni uti wa mgongo. Ukilala, zile pedi laini kati ya pingili hunywa maji na kuvimba. Ndiyo sababu asubuhi wewe ni mrefu kuliko jioni kwa kiasi cha sentimita moja au zaidi. Kama huamini, simama kwenye fremu ya mlango ukiamka tu, weka alama ya penseli juu ya kichwa, rudia kabla ya kulala. Pedi zilizovimba hazipendi kukunjwa chini ya mzigo. Mwenye historia ya kiuno asiinuke kitandani akaenda moja kwa moja kuokota gunia au kufanya zile za kukaa-na-kulala. Ajipe kama saa moja ya kuzungukazunguka kwanza.

Swali la kwanza: lini mwili una nguvu?

Hapa binamu yangu yuko sahihi. Alasiri hadi jioni ndipo watu wengi hunyanyua vizito zaidi, huruka juu zaidi na kukimbia mbio fupi kwa kasi zaidi. Pengo ni la asilimia chache. Kwa mkimbiaji wa mita 100, asilimia mbili ni tofauti ya medali na kurudi nyumbani. Kwa mtu anayepambana na kitambi, haina maana yoyote.

Lakini kama jioni ni bora, mbona Iten wanaamka gizani? Kwenye mji ule wa Bonde la Ufa nchini Kenya, karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, mazoezi makuu ya siku huanza kwenye saa 12 asubuhi, vikundi vikishuka kwenye barabara za udongo mwekundu na jaketi zao mgongoni. Alhamisi kuna ile ya kupokezana kasi na pole, umati mkubwa, saa 3 asubuhi. Jioni wanatoka tena, lakini taratibu, kama watu wanaokwenda kusalimia. Kwa hesabu ya joto la mwili wamekosea kabisa. Kwa matokeo, tafuta wa kuwakosoa.

Sababu ni kwamba mwili unafundishika. Ukifanya mazoezi saa ileile wiki baada ya wiki, pengo la asubuhi na jioni linapungua sana. Na mbio ndefu zenyewe hufanyika asubuhi. Mkenya Eliud Kipchoge alipovunja ukuta wa saa mbili wa marathoni kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, akamaliza kwa 1:59:40, alianza kukimbia saa 2 na robo asubuhi. Mwili uliozoea barabara za alfajiri haukuona ugeni. Kwa hiyo kama unajiandaa kwa Kilimanjaro Marathoni pale Moshi, inayoanza asubuhi mapema, usijifue jioni peke yake halafu ukashangaa siku ya mbio miguu inakataa.

Anayefanya asubuhi anadaiwa kitu kimoja, kupasha mwili joto vya kutosha. Dakika tano haziwatoshi wengi. Fanya kumi na tano. Mchakamchaka wa shuleni ulianza kwa mwendo wa pole na nyimbo, na nadhani wale walimu walijua walichokuwa wakikifanya, hata kama lengo lao lilikuwa kutuamsha tu.

Swali la pili: lini ninafaidika kiafya?

Hili ndilo lililowagombanisha shangazi, mjomba na binamu, na ndilo lenye ukungu mwingi. Tuwekane sawa kuhusu zile tafiti tatu.

Ule wa Wamarekani, wa asubuhi, ulipima mazoezi na uzito wa watu kwa wakati mmoja. Ni kama picha ya mnato. Unaona waliokuwa wakijishughulisha asubuhi ni wembamba kidogo, ila picha haikuambii nani alitangulia: asubuhi iliwapunguza, au watu wembamba huona wepesi wa kuamka?

Ule wa mjomba, wa 2023 pia, ulifuatilia watu zaidi ya 90,000 wa Uingereza waliovaa kifaa cha kupima mwendo mkononi kwa siku 7, kisha wakafuatiliwa kwa miaka. Waliojishughulisha zaidi mchana na alasiri, pamoja na wale waliochanganya nyakati, walikufa kwa kiwango kidogo kuliko wa asubuhi. Wa binamu, wa 2024, ulichota kwenye kisima hichohicho cha Waingereza lakini ukachagua watu wenye unene wa kupindukia tu, kama 30,000. Kwao hao, jioni ikaongoza.

Kisima kimoja, ndoo mbili, maji rangi mbili. Kwa sababu watu waliochotwa ni tofauti, na kwa sababu hakuna aliyepangiwa saa. Kila mtu alijichagulia mwenyewe. Ukichunguza wanywaji wa kahawa wa Kariakoo utakuta wanaokunywa saa 4 asubuhi wana nyumba nzuri kuliko wanaokunywa saa 11 alfajiri. Kahawa ya saa 4 haijengi nyumba. Mwenye duka anaweza kusubiri saa 4, kuli hawezi. Vivyo hivyo, mtu anayeweza kwenda kukimbia saa 8 mchana siku ya kazi ni mtu wa namna gani? Watafiti hujaribu kuondoa tofauti hizo kwa hesabu, na wanajitahidi, ila hawazimalizi zote. Kitu kimoja tu tafiti zote zinakubaliana: waliojishughulisha, saa yoyote, walikuwa na hali nzuri kuliko waliokaa.

Mahali ambapo saa ina uzito wa kweli ni kwenye sukari, na hapo tafiti ni ndogo lakini watu walipangiwa. Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, kiliwachukua watu 41 wenye kisukari cha aina ya pili. Kipindi kimoja waliambiwa watembee dakika 30 kwa siku wakati wowote wapendao, kingine watembee dakika 10 tu baada ya kila mlo. Dakika ni zilezile. Lakini walipotembea baada ya kula, sukari inayopanda baada ya mlo ilikuwa chini kwa asilimia 12, na baada ya mlo wa usiku, ambao ndio wenye wanga mwingi na kukaa kwingi, kwa asilimia 22. Inaeleweka. Sukari ikimwagika kwenye damu baada ya ugali, misuli inayofanya kazi inaizoa. Misuli iliyokaa kwenye kochi inaiangalia ikipita.

Na kule Sweden, taasisi ya Karolinska ilijaribu mazoezi makali sana kwa wanaume 11 wenye kisukari, asubuhi dhidi ya alasiri. Ya alasiri yalishusha sukari. Ya asubuhi yakaipandisha. Watu 11 ni wachache, usiuze shamba kwa ajili yao. Lakini mgonjwa wa sukari anayeona kipimo kimepanda baada ya kukimbia mbio kali asubuhi asidhani mashine imeharibika. Asubuhi mwili humwaga homoni za kumwamsha mtu, na homoni hizo huliamuru ini litoe sukari. Ukiongeza mazoezi makali juu yake, ini linazidi kufungulia.

Sasa jambo la tahadhari. Anayechoma insulini, au anayemeza vidonge vinavyolazimisha kongosho kutoa insulini, mfano glibenklamidi, anaweza kushukiwa na sukari akiwa njiani au usiku akiwa amelala baada ya mazoezi ya jioni. Dalili ni kutetemeka, jasho baridi, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Metformini, dawa nyingine ya kisukari, ikitumika peke yake mara chache huleta hilo. Huyu asibadilishe saa ya mazoezi bila kuzungumza na daktari wake, na asitoke bila kitu kitamu mfukoni.

Wenye presha na moyo huogopeshwa kwamba asubuhi ni hatari. Ni kweli mashambulio ya moyo hutokea zaidi kati ya saa 12 asubuhi na saa 6 mchana. Lakini wagonjwa wa moyo waliofanya mazoezi chini ya uangalizi, wengine asubuhi na wengine alasiri, hawakuonekana kutofautiana kwa hatari. Cha kuogopa ni mtu aliyekaa miaka kumi kuamua ghafla kupanda mlima siku ya Jumamosi, saa yoyote ile. Mwenye pumu naye ajue mapafu yake yako chini kabisa usiku wa manane kuelekea alfajiri, na hewa ya baridi inayachokoza, kwa hiyo huko Mbeya au Limuru alasiri inamfaa zaidi.

Tumbo tupu, jasho na usiku

Kuna imani kwamba ukikimbia asubuhi kabla ya kunywa chai, mwili unachoma kitambi moja kwa moja. Nusu yake ni kweli. Bila chakula tumboni, mwili hutumia mafuta kwa sehemu kubwa zaidi wakati wa mazoezi. Lakini siku ina saa 24, na baadaye mwili unalipiza kwa kutumia wanga zaidi na mafuta kidogo. Mwaka 2014 kulichapishwa jaribio la wasichana 20 waliofanya mazoezi kwa mwezi, nusu kabla ya kula na nusu baada ya kula, chakula chao kikiwa kimepangwa sawa. Makundi yote mawili yalipungua. Tofauti kati ya makundi haikuonekana. Mafuta ya mwili ni kama hela ya M-Pesa: haijalishi ulitoa asubuhi au jioni, salio linaamuliwa na jumla ya ulichoweka na ulichotoa.

Ya pili ni jasho. Utawaona ufukweni Coco Beach, Dar, wamevaa makoti mazito au wamejifunga nailoni tumboni, wanaamini kinachotiririka ni mafuta. Ni maji na chumvi. Ukipanda mzani umepungua kilo, ukinywa maji imerudi. Jasho ni kiyoyozi cha mwili, na linapoza kwa kukauka. Likifungiwa ndani ya nailoni halikauki, kwa hiyo unajipika.

Hapa ndipo Doha inaponijia akilini. Mashindano ya dunia ya riadha ya 2019, marathoni ya wanawake ilisogezwa mpaka ikaanza dakika moja kabla ya saa 6 usiku ili kukwepa joto. Bado kulikuwa na nyuzi zaidi ya 30 na unyevu mzito. Wanawake 68 walianza, 28 hawakumaliza, wengine wakatolewa kwa viti vya magurudumu. Mkenya Ruth Chepngetich alishinda kwa 2:32:43, mwendo wa taratibu kwa mtu wa kiwango chake. Hao ni wanariadha bora duniani, tena usiku. Wewe na nailoni yako saa 4 asubuhi mwezi wa kaskazi mnakwenda wapi?

Ya tatu, kwamba mazoezi ya usiku yanaharibu usingizi. Tafiti 23 zilipokusanywa pamoja mwaka 2019, mazoezi ya jioni hayakuonekana kuharibu usingizi wa watu wenye afya. Ubaguzi ulikuwa kwa mazoezi makali yanayomalizika chini ya saa moja kabla ya kulala. Kwa hiyo kama unalala saa 4, jimu iishe kabla ya saa 3. Kutembea taratibu hakuna mpaka.

Swali la tatu: lini inawezekana?

Wataalamu hulipita swali hili haraka. Mimi ndilo naliona kubwa.

Anza na jua. Pwani, kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, nje hakuna hoja ya saa ya mwili itakayokuokoa. Alfajiri joto liko chini ingawa unyevu uko juu, ndiyo maana Dar unaweza kulowa saa 12 asubuhi kabla hata jua halijaonekana. Jioni kunakuwa na upepo, lakini lami na kuta zinatema joto zililolinywa mchana. Kwa sababu hiyo vikundi vya jogingi vya Dar, na fulana zao za rangi moja na nyimbo zao, vimejichagulia asubuhi ya mwisho wa wiki bila kusoma utafiti wowote.

Halafu barabara. Kwetu giza linaingia ghafla, kutoka kuona hadi kutoona ni kama dakika ishirini, na ndio wakati bodaboda zinarudi na daladala zinagombania abiria. Mwanamke anayeishi mahali ambapo njia haina taa hawezi kuambiwa saa 11 alfajiri ndiyo bora. Kwake si saa, ni hatari. Atafute mwenzake, au afanye ndani, au asubiri mwanga. Na anayekimbia kando ya barabara kuu saa ya foleni anavuta moshi kwa pumzi ndefu kuliko aliyekaa ndani ya gari. Mitaa miwili ya ndani inaweza kuwa na faida kuliko kubadilisha saa.

Mwezi wa Ramadhani unapindua ratiba yote, na watu wa pwani walishapata ufumbuzi: mpira wa ufukweni alasiri, unaoishia karibu na adhana ya magharibi, ili kiu isimkute mtu mbali na futari. Kwa mazoezi mepesi hiyo ni sawa. Makali na vyuma yahamie baada ya futari au tarawehe, maji yakiwa yamesharudi mwilini.

Walinzi, manesi wa zamu na madereva wa malori wana jua lao. Asubuhi yao ni pale wanapoamka, hata kama ni saa 9 alasiri, na kwa kawaida mazoezi kabla ya kuingia zamu huwakaa vizuri kuliko baada ya kutoka, wakati mwili unadai kitanda.

Pia kuna watu ambao wamezaliwa bundi, usingizi huwajia usiku sana na asubuhi huamka kwa tabu. Si uvivu, sehemu yake ni urithi, na vijana wa balehe wengi saa zao za mwili huchelewa. Kumlazimisha mtoto wa sekondari aamke saa 10 alfajiri kukimbia halafu akasinzie darasani ni kumwibia usingizi na kumlipa mazoezi.

Shangazi yangu, baada ya safari ile ya mwavuli, tulikaa naye na kipimo chake cha sukari na karatasi ya dawa zake, tukampigia na daktari wake wa kliniki. Ana miaka 61, anameza glibenklamidi, mlo wake mkubwa ni wa usiku, na baada ya magharibi hapendi kutoka nje ya geti. Kwa hiyo hatoki. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku ikianza, mezani kumeshatolewa vyombo, yeye anaanza kuzunguka uwanjani, kutoka kwenye mnazi hadi kwenye karo na kurudi, televisheni akiisikia dirishani. Zikifika habari za kimataifa anakaa barazani. Kwenye pindo la kanga yake, pale anapofungia hela, sasa kuna na peremende tatu, na akitumiwa ujumbe mpya wenye saa ndani yake, ananiuliza kwanza ni saa za nani.